Tumbo la Karatasi za Simenti

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa tumbo. Tumbo zima, kubwa kuliko sufuria ya harusi, la karatasi za mifuko ya simenti nilizozibandika kwa gundi ya unga wa muhogo. Nadhani nusu ya nzi wa mtaa wetu wa Kasha wamenasa humo hadi leo.

Chini ya kitovu nilipasua mstari, nikaushona kwa uzi wa fundi viatu. Huo ndio mlango wa kitabu. Anayetaka kusoma afungue uzi, apite kurasa nyembamba kama ngozi mpaka ndani kabisa.

Mshono ule ni wangu. Mtoto wangu alitoka kwa kupasuliwa, na tangu hapo mama mkwe alikuwa na wimbo mmoja: wenzangu walizaa, mimi nilitolewa mtoto. Kwao, mwanamke akizaa, mama mkwe humfunga tumbo kwa kikwembe, kitenge chake mwenyewe, akikaza mpaka macho yamtoke. Wake wote wa shemeji zangu walifungwa. Mimi, muuguzi alikataza mpaka kidonda kipone. Kikapona, kikwembe hakikuja. Baadaye nikapata diploma yangu kwa masomo ya jioni, nikawa msomi kuliko wanawake wote kutoka Bagira mpaka Lwiro, kwa hesabu yangu mwenyewe, lakini bado tumbo langu halikuwa limefungwa.

Siku ya maonyesho ya kazi za mikono, ukumbi wa parokia ulijaa hata askofu angekosa kiti. Mama mkwe akaja amevaa kama anayekwenda kushtaki mtu. Akazunguka meza, akatangaza kwa sauti ya kufika ziwani kwamba tumbo haiko kitu ya kuonyesha watu. Nikamwomba asome kwanza, halafu anigombeze vizuri.

Akaketi, akavuta uzi. Alivyogeuza kurasa, watu wakaanza kusogea. Ndani kabisa sikuweka mtoto. Niliweka mikono miwili ya karatasi, imekunjwa kama inayopokea, na kwenye wa kulia kidole kidogo kimepinda. Siku niliyopasuliwa, mimi nilikuwa bado nimelala kwa dawa; mama mkwe ndiye aliyempokea mtoto mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Akatazama mkono wake, kisha ule wa karatasi.

“Haka kadole ni kangu.”

“Ni kako, maman. Ni weye ulimupokea.”

Yeye ambaye hata kwenye misa humjibu padri kabla padri hajamaliza, safari hii alijibu kwa mikono. Akarudisha uzi, akavua kikwembe cha begani, akakizungusha kwenye tumbo langu la karatasi, akapandisha goti mezani na kuvuta. Karatasi zikalia.

“Maman, utaipasua.”

“Nyamaza, mukamwana. Wenzako wote walilalamika hivyo hivyo.”

Vigelegele vya ukumbi ule nasema vilisikika mpaka Rwanda.

Kitabu kiko kwake sasa, kimefungwa vizuri, juu ya kiti chake kizuri kuliko vyote. Wageni wanakaa kwenye benchi.