Kamba ya Mbuta Juu ya Kiti cha Mtangazaji

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Migori, Fomani, msimamizi wetu, alinipa bodi nzima ya jipsamu niinue juu ya kichwa, kisha akaenda zake kunywa chai. Aliporudi nilikuwa bado nimeiinua na mafundi wenzangu wananicheka. Sikuwa kijana, nilikuwa baba wa watoto wawili, nimeacha uvuvi kwetu kisiwani Mfangano.

"Wacheni kucheka," Fomani aliwaambia. "Huyu sasa anajua uzito. Nyinyi mnajua bei peke yake."

Fomani alikuwa Mkuria wa Kegonga, mfupi, mkali, mwenye sikio la kusikia nati iliyolegea. Ndiye aliyenifundisha dari ya kuning'inia ya kuzuia kelele. Dari hiyo haipigiliwi kwenye boriti. Inabebwa na vyuma vyembamba vyenye meno kama ya skrubu, ili sauti isipate njia rahisi ya kushuka. Fremu inayoning'inia kwenye vyuma hivyo inafungwa bodi mbili, moja juu ya nyingine, na juu yake hulazwa pamba ya kioo inayonyonya sauti. Ni mzigo kwelikweli. Ukiushikiza kwa misumari, uzito utaivuta mpaka ichomoke. Sisi tulitoboa boriti, tukapitisha bolti, upande wa pili tukakaza nati juu ya washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu.

Msidhani alipenda gharama. Vipande vya mpira vya kumeza mtetemo, ambavyo dukani vilikuwa ghali mno, tulivikata kwenye tyubu kuukuu za lori. Mpira ukichoka, washa ya chuma bado inashika. "Bana pesa kwa kitu ikiharibika haiui mtu," alizoea kusema.

Mkandarasi wetu akatuhamishia Homa Bay, kwenye chumba cha redio ndogo. Kilikuwa chini ya mabati matupu. Mvua ikinyesha, mtangazaji, Madam Atieno, hasikiki, na ndiye aliyesoma matangazo ya vifo. Kuna watu walifika mazishini kaburi limeshafukiwa.

Siku ya mwisho vyuma viwili vilipungua, kwenye kona iliyokuwa juu ya kiti chake. Fomani alikuwa amekwenda Migori, maduka ya hadiwea yamefungwa, na mkandarasi anataka kukabidhi kesho yake. Nikakumbuka kamba ya nailoni tuliyovulia mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, iliyobaki mkobani mwangu. Niliwahi kuiona ikitoa majini samaki aliyenishinda kubeba, na tena haishiki kutu. Nikafunga kona kwa kamba, nikaifunika kwa bodi, nikajiona mjanja.

Mwezi uliofuata nilikuwa nyumbani Mfangano. Mvua ilikuwa ikinyesha ziwa zima, lakini sauti ya Madam Atieno ilitoka redioni safi kabisa.

"Nyathina, mwanangu," mama yangu aliniuliza, "ni wewe ulinyamazisha mvua?"

Nikaitika, na moyo ukaniuma. Kila Madam alipotaja jina la marehemu, niliwaza: kamba ile ikikatika, lake litasomwa na nani? Jumatatu nilivuka ziwa hadi Homa Bay, nikamwambia Fomani yote. Nilijua atanifukuza.

"Kamba ya nini?"

"Ya mbuta."

"Mbuta inavuta hiyo kamba dakika kumi, halafu unaikula. Dari inavuta mchana na usiku. Na waya ya stima ikishika moto huko juu, nailoni inayeyuka kama mshumaa. Beba ngazi."

Tulipofungua, kamba ilikuwa imelegea na kona imeshuka upana wa kidole. Madam Atieno aliweka mkono kichwani.

"Omera, ndugu yangu! Ningekufa nikisoma vifo vya watu?"

Nikamwomba msamaha mbele ya kila mtu. Nikafunga vyuma viwili vipya, na Fomani mwenyewe akanishikia ngazi. Nilipomaliza aliniambia nishike fremu ya kona ile kwa mikono miwili, kisha akaiondoa ngazi. Nikabaki nikining'inia. Hapo akavuta kile kiti, akaketi chini yangu kabisa, akakunja mikono, akanitazama. Kona haikusogea hata unywele.

"Sasa ni kazi," akasema. Hakunifukuza, wala hakulitaja jambo lile tena.

Siku hizi nimestaafu, magoti yamekataa ngazi. Fomani tulimzika Kegonga. Vijana hunipigia simu kuniuliza skrubu ya bei nafuu, nami huwaambia wabane kwenye rangi na wasiguse bolti. Wanashukuru, wanakata simu.

Nimefunga dari nyingi nilizosifiwa, na nimezisahau. Ninayoililia ni ile Jumatatu ya aibu. Ningerudishiwa siku moja tu ya maisha yangu ya kazi, ningechagua hiyo, nishuke botini na hofu yangu, nikijua mjini yupo mtu wa kumwambia nimekosea.