Udongo Aliokula Zenovi

Kule Polisia, nchi ya misitu na vinamasi huko Ukraine, mtu haonyeshi kinamasi anachochumia beri, vile vitunda vya mwituni. Mke anamficha hata mume. Motria alionyeshwa pa kwake siku mama yake anakata roho, na yeye mwenyewe alikuwa bado hajamwonyesha binti yake.

Akamwonyesha Zenovi.

Huyu Zenovi alikuja kuhesabu mimea ya msitu wa majimaji, akapanga chumba kwa Motria. Kijana wa chuo, mpole, supu nyekundu ya borshi anamaliza bakuli tatu. Wiki mbili anarudi na matope mpaka kiunoni, hajapata anachotaka.

"Shangazi, kuna okidi moja fupi, yenye ua la kijani-manjano. Inapotea duniani."

Motria akacheka. "Hako kajani? Mbona kwangu nakakanyaga!"

"Usinitanie, shangazi."

"Kula udongo kwanza. Apa hutamwambia mtu."

Basi akala, udongo mweusi wa kinamasi, meno yakawa kama mkaa. Motria akampeleka. Zenovi akatandaza kamba zake za mraba, akahesabu okidi mia moja na kumi na mbili, machozi yanamlengalenga. Motria naye akaendelea na yake: anafyeka nyasi na vichaka, beri zipate jua, kama mama yake alivyofanya.

Vuli iliyofuata akaenda na ndoo yake. Akakuta waya na kibao: MARUFUKU KUINGIA. Askari wa msitu, mtoto wa jirani tu, akamzuia.

"Rudi, bibi. Nitakushika kweli."

"Wewe! Nimekufuta makamasi mimi!"

"Najua, bibi. Ila ramani kachora mgeni wako, na sahihi kaweka."

Akarudi na ndoo tupu. Binti akauliza beri ziko wapi. Motria akasema mwaka huu hazikuzaa.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja Zenovi akabisha hodi, kofia mkononi.

"Shangazi, zile okidi zimebaki tisa. Vichaka vimezifunika. Nilitaka kuzilinda tu, haki ya Mungu. Wewe kule ulikuwa unafanya nini?"

Borshi ilikuwa inachemka. Motria hakupakua. Akatoka bustanini, akarudi na konzi ya udongo, akaumwaga kwenye sahani, akaisukuma mpaka mbele yake. Na kijiko.

"Kula," akasema. "Halafu niulize tena."