Konokono Mkononi mwa Mama Mkwe

Hii aibu nimekaa nayo miezi minane, wacha leo niitoe tu, mtacheka mkimaliza kunihurumia.

Nilikuwa nimetoka Mombasa na watu wa ofisi, na kesho yake naenda mtaa wa Satellite kwa kina mchumba wangu Wambui, mara ya kwanza kuonana na mamake, ambaye alikuwa ameshauliza huyo kijana wa Westlands ametoka kwa watu gani. Sasa mnajua mtu wa bara akienda baharini lazima arudi na chupa ya maji ya chumvi, nyumbani wanayangoja. Mimi nikaongezea ganda la konokono, kahawia lenye madoa meupe, nililookota kwenye mawe, nikalitia kwa kopo la hayo maji lisipoteze mng'aro (hapo ndipo nilijiroga).

Nilipomkabidhi, Mama alilipenda. Akalishika kwa ngumi, akasema tusimame tuombee chakula, na mjomba wa Wambui akaanza, na huyo mzee akianza kuomba huwa hana haraka na mtu. Simu ikatetemeka, nikachungulia (ndiyo, kwenye maombi, najua). Ni Mwachiro wa ofisini, mzaliwa wa Kwale, ameona picha ya ganda niliyoweka mtandaoni: "Hiyo iko hai? Usiishike. Ina mwiba wa sumu, inaua mtu na haina dawa."

Nikamwangalia Mama. Amefumba macho, na katikati ya vidole vyake kuna kitu chembamba chekundu kinatoka polepole, kinapapasa kidole gumba. Niliogopa vibaya sana. Nikiongea namkatiza mzee, nikinyamaza naua mama ya watu, basi nikampiga kofi mkononi, kwa nguvu, ganda likaruka likatua kwa sufuria ya supu, na watu wakafumbua macho wakanikuta nimemshika mama mkwe kiganja.

"Umenipiga?" akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Nikampa mjomba simu, asome mwenyewe. Akasoma kwa sauti hadi mwisho, na mimi nikashusha pumzi nikijua nimeokoka. Mama akakagua kidole chake, kizima, halafu akanigeukia.

"Kwa hivyo hukunipiga bure," akasema. "Ulikuwa umeniletea sumu."

Supu ya mbuzi mzima ilimwagwa, tukala mkate mkavu. Harusi bado inajadiliwa. Mimi nimeapa, zawadi zangu sasa ni unga na sukari, na hata hizo Mama huniambia nifungue mwenyewe, yeye akiwa amesimama mlangoni.