Gari Lililoharibika Uvinza

Kisa hiki nimekikalia muda mrefu kwa sababu kinanitia aibu, na si aibu ya kuteleza sokoni au kuchanikiwa na sketi mbele za watu (hizo zote zimenipata na nimepona), ni aibu ya mtu mzima mwenye mume na mtoto kumdanganya mama yake mzazi, halafu mtaa mzima ukaja kushuhudia. Wa kucheka chekeni, mimi nimeshindwa.

Sisi tunaishi Dodoma, lakini kwetu ni Ujiji, Kasingirima. Mama yangu, Bi Zuhura, ukimwambia unakuja likizo anatangaza wiki mbili kabla. Ukifika unakuta mashangazi na majirani wamejaa barazani, kila mmoja umsalimie, umuulize habari za wanawe mmoja mmoja, na wewe umejistiri unajibu "alhamdulillah" mpaka taya zinauma. Napenda, sikatai. Ila mwaka ule kazi ilikuwa imenikausha jamani, na mume wangu, Baba Salma, akanionyesha picha kwenye simu akasema, "Kuna nyumba za kupanga ufukweni huko huko Kigoma, ziwa liko mlangoni, tunajipikia wenyewe, hakuna wa kutusumbua. Tukae siku tatu kwanza, ndiyo twende kwa mama."

Nikasema sawa. Hiyo sawa ndiyo iliyonimaliza.

Maana kwetu mtoto haingii Kigoma akalala nyumba ya kupanga wakati mama yake yuko hai na ana vitanda. Haipo hiyo. Ukifanya hivyo watu wanajua mmegombana, au mkwe ana dharau. Nilijua vizuri sana, ndiyo maana sikuthubutu kumwambia.

Tukafika Jumatatu mchana. Mzee Hamisi, mwangalizi wa zile nyumba, akatuonyesha jiko la gesi, sufuria nne na kisu kisichokata, akatukabidhi funguo. Ziwa limetulia, maji unaona mpaka mawe ya chini. Binti yetu Salma, wakati huo ana miaka mitano, akajitupa majini na nguo zake. Mara simu ikaita, mama.

"Mmefika wapi, mwanangu?"

Alishajua tumetoka Dodoma, kwa hiyo siwezi kusema hatujaondoka. Mdomo huu (niruhusuni niutukane) ukasema, "Tuko Uvinza, mama, gari limeharibika. Fundi anatafuta spea, itachukua siku mbili tatu hivi."

"Mtoto amekula?"

"Amekula, mama."

"Na mnalala wapi?"

"Kuna gesti hapa, nzuri tu, usijali mama, chaji inaisha."

Nikazima simu, Baba Salma naye akazima ya kwake, tukanunua migebuka kwa wavuvi, nikaikaanga mwenyewe huku natazama ziwa, nikajiona nina akili kuliko watu wote wa Kigoma.

Sasa sikieni alichofanya mama (haya nilisimuliwa na kaka yangu Rashidi, na hakunisimulia kwa upole). Jumanne aliamka mapema akapika ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, akapakia kwenye hotpoti, akapanda basi la Uvinza. Mwanamke wa miaka sitini na nane, ana presha, ana magoti mabovu. Akapita gereji kwa gereji, gesti kwa gesti, anaulizia gari jeupe lenye mtoto mdogo, na kila aliyemuuliza alimwambia hajaliona. Anapiga simu, hazipatikani. Akarudi analia ndani ya basi, hotpoti mapajani, mpaka abiria wakawa wanamwombea dua.

Jumatano Kasingirima nzima ikawa juu juu. Wengine wanasema ajali, wengine wanasema tumetekwa. Picha yetu ya harusi ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp pamoja na namba ya gari, redio ikatangaza, madrasa wakasoma dua, na bodaboda wa Gungu wakajitolea kupita barabara ya Uvinza wakichungulia kila mtaro na kila daraja kutafuta miili yetu. Miili yetu, jamani! Na mwili wangu mimi muda huo uko ziwani, umevaa taiti na fulana ya mume wangu, kichwa wazi, unafundishwa kuelea.

Mzee Hamisi alisikia tangazo redioni, akaenda kutazama namba ya gari letu, akapiga namba ya simu iliyotajwa. "Nilijua mtafurahi kusikia ndugu zenu wanakuja," aliniambia baadaye, maskini wa Mungu.

Kama saa kumi hivi nikasikia honi za pikipiki, nyingi, nikadhani ni harusi inapita. Hazikupita. Zikaingia bodaboda, nyuma yake gari aina ya Noah, nyuma yake pikapu imejaa akina mama wa mtaani kwetu, wanashuka na vigelegele, "Alhamdulillah, wazima! Wazima!" Shangazi yangu aliingia majini na baibui lake akanikumbatia. Kwa dakika moja nilikuwa mtu aliyefufuka. Halafu vigelegele vikaanza kukatika kimoja kimoja, kwa sababu watu wana macho, na gari lilikuwa pale pale limeegeshwa, limeoshwa linang'aa, taulo zetu zimeanikwa kwenye boneti, na barazani kuna tikiti maji limekatwa nusu. Bodaboda mmoja, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akasema kwa sauti, "Oya, kumbe watu wanakula bata!"

Mama alishuka wa mwisho, viatu mkononi, miguu imevimba. Akamshika Salma kichwa, mikono, miguu, kama anahesabu viungo. Aliporidhika akanigeukia, nami nimesimama nachuruzika maji mbele ya ustadhi aliyenifundisha kusoma Kurani.

"Gari limepona?"

Baba Salma (Mungu amsamehe, maana mimi bado) akajibu, "Limepona, mama. Shikamoo."

Watu waliangua kicheko, na mama hakucheka wala hakuitikia. Nikapiga magoti mchangani, nikamwambia nisamehe mama, tunafungasha sasa hivi tunakuja nyumbani. Akasema, "Hapana, mwanangu. Mmekuja kupumzika, pumzikeni." Kisha akawageukia wale watu, akaanza kuwaomba radhi, mmoja mmoja, bodaboda kwa bodaboda, kwa mafuta yao na vumbi walilokula. Mama yangu anaomba radhi kwa ajili yangu na mimi nipo hapo hapo natazama. Afadhali angenizaba kofi.

Tulikwenda Kasingirima kesho yake. Hakuna shangazi aliyekuja kutuona, wala jirani. Mama mwenyewe alitupokea vizuri, na hapo ndipo palipouma: akatandika kitambaa kipya mezani, akaleta maji ya kunawa, akatuuliza kama safari ilikuwa nzuri. Nikanyanyuka nikamsaidie kupika kama siku zote, akanizuia mlangoni bila hasira yoyote. "Kaa tu. Mgeni hapiki."

Niliapa siku ile kwamba simdanganyi tena mama yangu, hata kuhusu nilichokula, na kiapo nimekishika. Tatizo ni kwamba yeye hana namna ya kujua. Mwezi uliopita tulikuwa tunakwenda kumwona, tukafika Tabora Salma akashikwa na homa kali akalazwa. Nikampigia mama nikiwa nalia, nikamweleza kila kitu, kitanda kipi, dripu ya ngapi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole. Halafu akasema, "Hebu mpe simu mtu mwingine aliye hapo."

Nikampa nesi. Nesi akanitazama kwanza, akasema kwenye simu, "Ndiyo, mama. Ni kweli, wako hapa, mtoto anaumwa." Hapo ndipo nilipomsikia mama yangu, upande wa pili, anaanza kulia.