Jina Nililofungia Simu

Leo muvi imenitoa machozi, na haikuwa hata ya mapenzi.

Tulikuwa hapa nyumbani Munyaka na mjukuu wangu Njeri, tunatazama mwizi akijaribu kufungua kompyuta ya tajiri. Akaona picha ya binti wa tajiri ukutani, akaandika jina lake. Ikafunguka!

Nikacheka. “Tajiri mzima, mjinga hivi!”

“Shosho, na paswadi yako ni gani?”

Nikatazama simu yangu.

Ni Wanjiru. Kifungua mimba wangu, mama yake Njeri, tuliyemzika. Na soko zima linaniita Mama Wanjiru! Hata muuza viazi angefungua hii simu.

“Badilisha, Shosho. Sauti za mum alizotutumia ziko humo. Mtu akizifuta, tutamsikia wapi tena?”

Nimebadilisha.

Lakini kila asubuhi nilikuwa naandika jina la mtoto wangu, herufi moja moja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Sasa naandika namba tu.

Wewe unayecheka, yako si jina la mtoto? Badilisha leo!

Na mkinipata sokoni, msinionee huruma mkaniita Shosho. Niiteni Mama Wanjiru. Kwa sauti.