Paneli Kumi na Mbili za Zahanati

Kofi la kwanza lilimkuta Blanketi ameinama, anasoma namba. La pili lilimlaza juu ya rundo la fremu za alumini, na kabla hajajizoazoa vizuri teke likamwingia ubavuni, akasikia kitu ndani kikikatika kama kijiti kikavu. Aliyekuwa akimpiga ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea.

"Gonga muhuri, dada," alisema Kibiriti, akihema. "Usinifanye nikuue mbele za watu."

Blanketi alitema jino kiganjani, akalitazama kidogo, akalitia mfukoni mwa ovaroli. Alisema hawezi.

Mkokoteni ulikuwa umesimama pale mlangoni na paneli kumi na mbili za sola, kila moja imepasuka kioo. Kibiriti alidai ni kuukuu, zimepigwa na mvua ya mawe. Lakini Blanketi alikuwa na miaka tisa katika kazi hiyo. Mvua ya mawe haipigi katikati tu, mara moja, kwa nyundo. Halafu zile namba. Alikuwa na orodha yake imebandikwa ukutani kwa gundi: paneli zilizong'olewa juu ya paa la zahanati wiki mbili nyuma. Friji ya chanjo ilizimika siku nzima bila mtu kujua, na wanawake waliokuja na watoto wao mgongoni wakarudishwa kama walivyokuja.

Kiwanda kile kilitengeneza paneli hapa hapa nchini, na uani kwake kilikuwa na karakana ya kuzivua zile zilizochoka: kioo huku, alumini kule, shaba na chembe za madini ya fedha kwenye ndoo zake, vyote virudi kuwa paneli mpya. Sheria ya mlangoni ilikuwa moja. Kila mzigo, uwe mchanga wa kioo au paneli bovu, ujulikane umetoka wapi na umepitia mikono ya nani. Bila muhuri wa Blanketi, haupiti. Kuna watu wanaoona huo ni usumbufu wa makaratasi. Wanadhani kwa kuwa jua ni safi, basi kila kinacholivuna nacho ni safi. Si kweli. Paneli iliyoibwa zahanati ni chafu hata ukiiosha kwa maziwa.

Blanketi mwenyewe uchafu aliujua kwa pumzi. Alikulia jalalani pamoja na Kibiriti, wakichoma nyaya na paneli ili wapate shaba. Moshi ule ulimmaliza baba yao, ukamwachia mama kifua ambacho hakimalizi sentensi bila kupumzika. Kiwanda kilipofunguliwa, dada alivuka barabara akaomba kazi. Mdogo alibaki na moto wake na jina lake, na tangu siku hiyo akawa anamwita msaliti.

Wafanyakazi walimvuta Kibiriti, wakamtupa nje ya geti, mkokoteni wake ukabaki ndani. Aligeuka akasema kwamba kwa vile wamezikataa zake, atakuja kuchukua zao.

Mhandisi, msichana mkali aliyekuwa mkuu wa karakana, alishika simu awaite polisi. Blanketi akamwomba asubiri hadi jioni. Alitaka kwanza akamweke mdogo wake mbele ya mama yao, azirudishe paneli zahanati mwenyewe, akiri mwenyewe. Mhandisi alimwambia anakosea. Kisha, kwa heshima ya umri na jino lililong'oka, akakubali.

Kosa hilo lilimgharimu mlinzi. Saa sita mchana Kibiriti alirudi na wenzake watatu, na wa kwanza kufika getini alimpiga mlinzi kwa ubapa wa panga kichwani, mara mbili. Wawili wakawafuata mafundi kwa marungu. Mtu akavunjwa kidole. Mwingine akaburutwa kwenye vioo hadi mgongo wa shati ukawa mwekundu. Kibiriti hakupigana na yeyote. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa majaribio, paneli mpya ishirini zilizoungwa moja baada ya nyingine hadi umeme wake ukawa wa kuua, akatoa mkasi wa chuma.

Hapa lazima nieleze blanketi. Katika wiki yake ya kwanza kazini, paneli yenye ufa ilimtupa Blanketi ukutani alipogusa nyaya zake. Tangu hapo hakati waya kabla ya kuifunika paneli blanketi. Wenzake wakampa jina hilo, wakamtania kila asubuhi, wakimuuliza kama watoto wamelala. Alijibu kwamba wamelala, ila wanang'ata usingizini. Kwa ule mstari wa majaribio alishona mablanketi manane yakawa pazia moja, akalikunja juu na kulifunga kamba. Ukivuta, giza linashuka na umeme unakufa.

Kibiriti hakuwahi kuiba mchana. Maisha yake yote alikata nyaya gizani, paneli zikiwa zimekufa. Alijua umeme hukaa kwenye betri, na pale hakuona betri.

"Usikate!" dada yake alipiga kelele. "Zina uhai!"

Kibiriti alidhani dada analinda mali ya tajiri. Akakata.

Mwanga ulitoka mweupe kuliko jua, ukiunguruma, na haukuzimika. Mkono ulikaza kwenye mkasi, haukuachia. Harufu ya nyama ikafika hadi getini. Blanketi alikimbia na ubavu wake uliovunjika, akavuta kamba. Pazia likakwama kwenye msumari. Akajining'iniza kwa uzito wake wote, akalia kwa maumivu, na kitambaa kikachanika msumarini, kikashuka. Muungurumo ukakatika. Kibiriti akaanguka.

Wenzake walikuwa wamekwisha kukimbia. Wafanyakazi walimzingira Kibiriti, na mikononi mwao kulikuwa na vyuma vya fremu. Mmoja akauliza kiko wapi kibiriti cha kumchomea, na watu wakacheka kicheko kibaya. Blanketi alijilaza juu ya mdogo wake. Chuma cha kwanza kilimpata yeye begani.

"Atakayempiga aanze na mimi," alisema. "Polisi nitawaita mwenyewe. Mlinzi amepigwa kwa sababu yangu."

Chini yake Kibiriti alinong'ona, kama alivyonong'ona utotoni akivunja kitu. "Dada. Waambie zilikuwa kuukuu."

"Zilikuwa za zahanati."

Blanketi aliwapigia polisi simu. Wakati gari linasubiriwa, aliomba daftari lake la mlangoni, akaandika namba zote kumi na mbili, na penye nafasi ya aliyeleta akaandika jina la mdogo wake kamili, lile alilopewa na baba. Damu ya mdomoni ilidondoka kwenye ukurasa. Akaifuta kwa kiwiko.

Mlinzi alishonwa nyuzi kumi na moja. Jioni Blanketi aliketi kitandani pa mama yake, akamweleza yote bila kuficha. Mama alisikiliza, akapumzika, akauliza swali moja.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Mama akageukia ukuta. Kesho yake asubuhi Blanketi, kifua kimefungwa bendeji, alizilaza zile paneli kumi na mbili kifudifudi, akazifunika, akaanza kuzivua fremu, zirudi zahanati zikiwa mpya. Hakuna aliyemuuliza kama watoto wamelala.