Ufagio wa Ndani ya Televisheni

Vumbi likiungua juu ya mashine iliyopata moto, harufu yake hunirudisha Kisangani, sebuleni kwetu mtaani Tshopo, miaka ile ya vita. Tonton, mdogo wake Mama, alituletea mashine ya Kijapani ya michezo ya televisheni, iliyotumika hadi ikageuka njano, pamoja na kaseti moja tu ya mchezo. Muuzaji alimwambia kwamba hadithi yake ilitoka katika kitabu cha kale cha huko Japani. Maandishi hatukuyajua hata kidogo, lakini picha tulizielewa: ua, nyumba ya mbao, na ndani mwanamke aliyetugeuzia mgongo. Chini palikuwa na alama za kubonyeza: jicho, mkono, mdomo, ufagio.

Uani mwa nyumba ile mlikuwa na nyayo zilizoelekea langoni. Tulijaribu jicho, mkono, mdomo; mwanamke hakutikisika. Ulibaki ufagio, na huo hatukuthubutu kuugusa. Mama alikuwa amekwenda Ubundu kununua samaki, na kwetu mtu akisafiri ua haufagiwi mpaka arudi, nyayo zake zisije zikafutika akapotea njia. Koko, bibi yetu, hakuwa na mzaha na jambo hilo.

"Musifagie!" alitukaripia. "Mama yenu iko mu njia bado."

Majani yalirundikana hadi mlangoni, majirani wakatucheka. Kisha mapigano yakaanza upya, treni ya Ubundu ikaacha kwenda, na hakuna aliyecheka tena.

Alasiri moja Kambale, mdogo wangu wa miaka sita, alichoka kungoja akabonyeza ufagio. Nyayo zikafutika, mmoja baada ya mwingine. Muziki ukanyamaza. Mwanamke akageuka polepole, na pale penye uso hapakuwa na kitu. Papo hapo umeme ukakatika, tukabaki tukijitazama katika kioo cheusi.

"Yaya," aliniuliza mimi dada yake mkubwa, "nimemupoteza Mama?"

Nami niliamini hivyo.

Tangu siku hiyo, kila kulipokucha, Kambale alivaa kandambili kuukuu za Mama akatembea kutoka langoni hadi mlangoni, akikanyaga kwa nguvu ili alama zikae udongoni. Mvua ikizifuta, alianza upya. Koko alimwona, akaingia ndani kulia.

Mama alirudi kwa miguu kupitia msituni, bila samaki, bila mzigo, miguu imevimba. Mimi nilimkimbilia. Kambale alisimama mbali akimchunguza uso.

"Mama, njo weye?" aliuliza, akitaka kujua kama kweli ni yeye.

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kana kwamba naye alikuwa akijiuliza.

"Njo mimi," alisema hatimaye.

Sisi tulishika jibu, tukashangilia. Yaliyompata njiani hakutusimulia kamwe, na ilinibidi nami niwe mama ndipo nikauogopa ule ukimya wake kabla ya kujibu.